Mafuta tunayokaangia: nani anayapima?

JIONI ya leo ukishuka kwenye matatu na kununua viazi karai au samaki wa kukaanga kando ya barabara, hebu jiulize swali moja: mafuta yaliyokaanga chakula hicho yametoka wapi? Simaanishi yalinunuliwa duka gani. Namaanisha ni mafuta ya mmea gani, yamechanganywa na nini, na yamekwisha kukaanga mara ngapi kabla ya zamu yako kufika. Bila shaka hutakuwa na jibu. Muuzaji naye hatakuwa nalo. Hata mimi niliyesomea udaktari, na ambaye nimetibu watu wa mitaa ya mashariki ya Nairobi kwa miaka mingi, sina.

Niliwahi kuulizwa swali hilo uso kwa uso. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa na kibanda cha mandazi na samaki hatua chache kutoka kliniki yangu, alikuja asubuhi moja akapanga foleni pamoja na wagonjwa. Zamu yake ilipofika alikataa kuketi. Alitoa kikapuni chupa ya soda iliyojaa mafuta, akaiweka mezani.

“Daktari, nipimie haya,” alisema. “Ukiniambia ni mabaya nitayamwaga. Ukiniambia ni mazuri, uniandikie karatasi nikawaonyeshe watu.”

Wateja wake watatu walikuwa wameharisha katika wiki moja, na mtaa ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: mama huyo anakaangia mafuta ya transfoma. Watoto wa shule walikuwa wakipita mbali na kibanda chake. Mafuta yenyewe alikuwa ameyanunua kwa kupimiwa, katika duka la jumla ambalo hufungua mitungi ya lita 20 na kuuza lita moja moja, jinsi wafanyavyo wafanyabiashara wengi wadogo wasioweza kununua mtungi mzima kwa mara moja.

Niliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Mafuta yalikuwa ya manjano na safi. Niliyanusa. Nilijipaka kidogo kwenye kidole. Utaalamu wangu uliishia hapo. Nilimwambia ukweli kwamba siwezi kumwandikia karatasi, lakini kwa kuwa nilimhurumia nilichukua nusu ya mafuta yale nikayapeleka katika maabara moja mjini. Nilijaza fomu, nikalipa ada ambayo ilizidi faida ya kibanda kile ya wiki nzima, na nikaambiwa nisubiri.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Yalikuwa na mistari minne: asidi, peroksaidi, unyevu na rangi. Yote yalikuwa katika kiwango kinachokubalika. Kufikia siku hiyo kibanda kilikuwa kimefungwa na mama mwenyewe alikuwa amerudi mashambani, akiacha deni la chama chake. Na lililoniudhi zaidi ni kwamba karatasi ile, hata kama ingefika mapema, haikujibu swali lake. Hakukuwa na mstari uliosema kama mafuta yale yalikuwa na mchanganyiko wa mafuta ya transfoma au hayakuwa nao. Hakuna aliyetafuta.

(Wale watatu walioharisha, kama ningelazimishwa kuapa, ningeilaumu kachumbari. Mchanganyiko wa mafuta ya mitambo hauna kawaida ya kuwashika watu kwa namna hiyo, ilhali maji machafu na mikono isiyooshwa ndiyo hasa hufanya hivyo. Lakini mtaa haukuniuliza.)

Ni lazima tukiri kwamba uvumi ule haukutoka hewani. Mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti kwamba wezi walikuwa wakifyonza mafuta kutoka kwa transfoma za umeme humu nchini na kuwauzia wakaangaji wa vyakula, ambao waliyapenda kwa sababu hudumu karaini kuliko mafuta ya kawaida. Mafuta hayo hutokana na mafuta ghafi ya ardhini, na kazi yake ni kupooza mitambo. Transfoma za zamani zinaweza pia kuwa na kemikali ziitwazo PCB, ambazo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Mnamo 2013 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Stockholm unaozipiga marufuku mwaka 2004.

Nayo hadithi ya mafuta yaliyoharibiwa si ya Kenya pekee. Mwaka 1959, katika mji wa Meknes nchini Morocco, watu wapatao 10,000 walipooza miguu na mikono baada ya kula chakula kilichopikwa kwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya injini za ndege. Mwaka 1998 mjini Delhi mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu za gugu moja lenye miiba yalivimbisha miguu ya watu, yakashambulia mioyo yao, na kuua wapatao 60.

Lakini kisa ambacho kila daktari angepaswa kukijua ni cha Uhispania. Mwanzoni mwa Mei 1981, katika mji wa Torrejón de Ardoz karibu na Madrid, mtoto wa miaka minane alifariki akiwa na shida ya kupumua. Jamaa zake waliugua pia. Muda si muda hospitali zilijaa watu wenye homa, vipele, pumzi fupi na maumivu makali ya misuli. Madaktari walidhani ni nimonia ya aina ngeni. Walitoa antibiotiki, nazo hazikufua dafu. Kwa zaidi ya mwezi mmoja nchi nzima ilitafuta kijidudu ambacho hakikuwapo.

Daktari wa watoto aitwaye Juan Tabuenca, wa hospitali ya Niño Jesús mjini Madrid, ndiye aliyeacha kutafuta mapafuni akaanza kuwauliza wazazi walichokula watoto wao. Aligundua kwamba familia zile zilikuwa zimenunua mafuta kutoka kwa wachuuzi, katika mitungi ya plastiki ya lita tano isiyokuwa na lebo. Tarehe 10 Juni serikali ilitangaza hatari hiyo. Yalikuwa mafuta ya mbegu za rapa yaliyoingizwa nchini kwa matumizi ya viwandani na kutiwa anilini makusudi ili yasiliwe. Walanguzi waliyasafisha wakijaribu kuondoa anilini hiyo, kisha wakayauza kama mafuta mazuri ya kupikia. Watu wapatao 20,000 waliugua, zaidi ya 300 walifariki, na wengi waliosalia walibaki na ulemavu wa misuli na mishipa ya fahamu. Mpaka leo haijathibitishwa kikamilifu ni molekuli ipi hasa ndani ya mafuta yale iliyoua.

Naomba uiangalie tena ile mitungi ya lita tano isiyo na lebo. Ina tofauti gani na chupa ya soda iliyowekwa mezani pangu?

Ugumu wa mafuta ni huu. Maziwa yakitiwa maji, mpishi mzoefu atashuku. Unga ukiota kuvu, utauona na kuunusa. Lakini mafuta huyeyusha mafuta mengine yakapotea ndani yake bila alama. Kiwanda kikiyasafisha huyaondolea harufu, rangi na ladha, hata mafuta ya mawese, ya soya na ya alizeti yakawa kama ndugu pacha. Ulimi hauwezi kuyatenganisha. Pua haiwezi. Yatakayoyatenganisha ni uzito wa molekuli zake, na hapa ndipo ninapotaka kukueleza juu ya chombo ambacho naamini nchi hii inapaswa kukitumia.

Molekuli ya mafuta ni kama kigoda chenye miguu mitatu. Kiti chake ni gliseroli, na kila mguu ni asidi moja ya mafuta. Miguu hiyo si ya urefu mmoja wala si ya uzito mmoja, na kila mmea hupenda mchanganyiko wake. Tukichukua uzito wa chembe ya hidrojeni kuwa 1, kigoda kinachopatikana zaidi katika mafuta ya zeituni kina uzito wa 885. Mawese huwa na vingi vya 833 na 859. Soya na alizeti huonyesha 879 na 881. Mafuta ya nazi ni mepesi sana, mengi yakiwa kati ya 580 na 670. Kwa hiyo mtu akikuuzia mawese kwa bei ya alizeti, uzito utamuumbua hata kama rangi na harufu vimemficha.

Mizani ya kupima vitu vidogo kiasi hicho ipo tangu zamani. Wataalamu huiita spektrometa ya masi. Huwezi kuweka molekuli juu ya sahani ya mizani, kwa hiyo kwanza huipa chaji ya umeme, kisha huiacha iende ndani ya ombwe, na jinsi inavyokwenda ndivyo uzito wake unavyojulikana. Tabu ilikuwa matayarisho. Mafuta yalihitaji kuvunjwavunjwa kwa kemikali, kuchujwa, na kupitishwa kwenye mirija mirefu kabla ya kufikia mizani. Sampuli moja ingeweza kula saa nzima au zaidi ya muda wa mtaalamu, na sampuli zilizokuja nyuma yake zikapanga foleni. Ndivyo wiki saba zinavyopatikana.

Mwaka 2004 profesa Graham Cooks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, akiwemo Zoltán Takáts kutoka Hungary, walitangaza njia ya mkato. Badala ya kuingiza kitu ndani ya mashine, walikiacha nje katika hewa ya kawaida na kukinyunyizia ukungu wa matone madogo mno yenye chaji ya umeme. Matone hayo hugonga kitu hicho, huzoa molekuli zake, na kuruka nazo hadi kwenye mdomo wa mizani unaozifyonza. Hakuna kuchuja wala kupika. Mwaka uliofuata Wamarekani wengine walitoa njia inayotumia gesi ya moto badala ya ukungu. Nchini Brazil, katika Chuo Kikuu cha Campinas, kundi la profesa Marcos Eberlin lilionyesha mwaka 2006 kwamba hata umeme wa nguvu hauhitajiki: mpulizo mkali wa gesi unatosha kuyapa matone chaji. Kufikia 2010 Wabrazili hao walikuwa wakitumia njia yao kwa mafuta ya mimea. Unadondosha tone kwenye karatasi, unalisogeza mbele ya mpulizo, na chini ya dakika moja unaona mistari ya uzito kwenye kompyuta.

Takáts naye alihamia London akaendelea na kazi ya namna hiyo hiyo upande wetu sisi madaktari. Mwaka 2013 yeye na wenzake walieleza kuhusu kisu cha umeme cha upasuaji ambacho moshi wake huvutwa hadi kwenye mizani. Seli za saratani zina mpangilio wa mafuta tofauti na seli nzima, na kisu hicho kiliwajulisha wapasuaji katika sekunde chache tu kama wanakata nyama mbovu au nzuri. Nakitaja ili usidhani kwamba ninazungumzia mchezo wa wanakemia. Molekuli zinazomwongoza mpasuaji ni za ukoo mmoja na zile zilizomo karaini.

Kinachonivutia mimi kama daktari wa kawaida ni kwamba mizani hii huona pia uchovu wa mafuta. Mafuta yanapokaangiwa kwa muda mrefu hula oksijeni ya hewani, na kila chembe ya oksijeni huongeza uzito wa 16. Kigoda cha 885 kikibeba chembe mbili kinakuwa 917. Unyevu wa viazi na samaki nao hung'oa miguu ya vigoda, na hapo hutokea vigoda vyenye miguu miwili, vyenye uzito wa 621 hivi, pamoja na miguu iliyolegea. Tukiona hayo yamezidi, tunajua karai limechoka. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo: vitu vya aina hiyo vikifika takriban asilimia 25 ya mafuta, ni sharti yatupwe. Hapa kwetu kikomo ni mpaka yaishe.

Sasa nisikufanye uamini kwamba mashine hii ni mganga wa kila kitu. Ina mambo mawili ambayo haiyaoni vyema, na yote mawili yanatuhusu.

La kwanza ni mafuta yenye asidi za trans, yale yanayotokana na kugandisha mafuta ya mimea kiwandani kwa hidrojeni, ambayo yanaziba mishipa ya moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito yaondolewe katika vyakula vyote vinavyotengenezwa viwandani. Asidi ya trans na ndugu yake asiye na madhara hayo zina uzito mmoja, 282. Tofauti yao ni umbo, mmoja ukiwa umenyooka na mwingine umepinda. Mizani haijui umbo. Kwa kazi hiyo bado tunahitaji mirija mirefu na saa zake.

La pili ni mafuta yale yale ya transfoma. Mizani hupima tu kitu kilichokubali chaji, na mafuta ya ardhini ni mabishi mno, hayapokei chaji kwa urahisi. Yanaweza kupita mbele ya mpulizo bila kuacha mstari wa maana. Ajabu ni kwamba kipimo cha kuyanasa ni cha kale na cha bei nafuu. Watengenezaji wa sabuni wanakijua. Mafuta ya mbegu na ya wanyama yakichemshwa na magadi makali hugeuka sabuni. Mafuta ya ardhini hayageuki kamwe. Katika maabara huchemsha kiasi kidogo pamoja na magadi hayo na spiriti, kisha huongeza maji. Mchanganyiko ukibaki angavu, ni salama kwa upande huo. Ukitanda ukungu, kuna mgeni ndani. (Tafadhali usijaribu jikoni kwako. Nimetibu macho yaliyounguzwa na magadi hayo, na si kazi ninayoipenda.) Kipimo hicho kingeweza kufanywa kwa mafuta ya mama yule kabla ya chakula cha mchana, na mkemia yeyote aliyehitimu angekifanya. Hakikufanywa kwa sababu fomu haikuwa na mstari wake.

Kuna watakaosema: kama chombo chenyewe hakioni yote, na kinagharimu makumi ya mamilioni ya shilingi, kwa nini tujisumbue? Nitawajibu kwa mambo niliyoyaona katika kazi yangu. Nilipokuwa mwanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya VCT ndipo vilikuwa vikifunguliwa nchini. Kabla yake damu ilipelekwa maabara kubwa na mtu akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wengi hawakurudi. Kilichobadilisha mambo ni kipimo cha haraka kilichotoa jibu mtu akiwa bado amekaa kitini. Kipimo hicho hakikuwa hakimu wa mwisho. Kilipoonyesha dalili, kingine kilifanywa kuthibitisha. Lakini wengi wa waliopimwa walikwenda nyumbani siku hiyo hiyo wakijua hali yao, na maabara kubwa ikabaki na kazi ya wachache.

Hivyo ndivyo ninavyotaka mafuta yapimwe. Tupime mengi kwa haraka, na yale machache yanayotiliwa shaka yapelekwe kwenye kipimo cha polepole.

Na kuhusu gharama, si lazima tuanze kwa kununua mizani mpya. Kifaa cha kunyunyizia ukungu au kupuliza gesi hufungwa mbele ya mizani iliyopo, na mizani za aina hiyo zipo nchini. Shirika la KEPHIS huzitumia kupima masalio ya dawa za wadudu katika mazao. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoanza kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka Kenya, tulitetemeka. Wakulima walifunzwa upya, maabara zikaimarishwa, mikutano ikafanywa usiku na mchana, kwa sababu soko lilikuwa hatarini. Sina kinyongo na mishiri. Lakini nashindwa kuelewa kwa nini mboga ya kuliwa London ipimwe kwa mashine ya hali ya juu kuliko zote, ilhali mafuta ya kuliwa Kayole yanapimwa kwa macho ya mnunuzi.

Nikiulizwa nianzie wapi, nitasema Mombasa, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta tunayokula huingia hapo kama mawese ghafi kutoka Malaysia na Indonesia, na tone moja la kila meli ni jambo dogo. Lakini uovu hauingii bandarini tu. Huingia pale mtungi unapofunguliwa. Kwa hiyo maafisa wa afya ya umma wa kaunti, wale wanaokagua vyoo na leseni za hoteli, wapewe karatasi nyeupe za kuchujia. Afisa anafika kibandani, anadondosha tone la mafuta kwenye karatasi, anaandika mahali na tarehe, anaifunga kwenye bahasha isiyopenya mwanga. Jioni bahasha mia mbili zinafika maabara, na mpimaji mmoja anaweza kuzimaliza katika siku moja ya kazi. Tone likikaa siku nyingi kwenye karatasi litaanza kula oksijeni lenyewe, kwa hiyo bahasha zisilale ofisini. Kipimo cha magadi kinahitaji zaidi ya tone, basi afisa abebe pia vichupa vidogo. Ni kazi ya mtu mwenye pikipiki.

Kisha majibu yatangazwe. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona kwetu majibu ya vipimo yakifungiwa kabatini, na wananchi wakaletewa tu uvumi. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina viwango vizuri vya mafuta ya kupikia kwenye karatasi, na tangu 2012 sheria inataka mafuta hayo yaongezwe vitamini A. Lakini alama ya ubora hubandikwa kwenye mtungi. Mafuta yakishatoka mtungini kuingia kwenye chupa ya soda, alama inabaki dukani.

Wafanyabiashara wengine watadhani ninawatafutia adui. La hasha. Fikiria tena yule mama. Aliyeumizwa zaidi na ukosefu wa kipimo hakuwa mteja. Alikuwa yeye, muuzaji mwaminifu, ambaye alikuja mwenyewe na chupa mkononi akiomba apimwe. Mlaghai hana haja ya kipimo. Uvumi humsaidia, kwa kuwa pale ambapo kila mtu anashukiwa, yeye hujificha katikati ya wenzake.

Kwa sasa, wewe msomaji ufanye nini? Machache. Ukiweza, nunua mafuta yaliyofungwa na yenye lebo, hata kama ni pakiti ndogo. Ukinunua ya kupima, omba uonyeshwe mtungi unaotekwa, usome jina la kiwanda na tarehe; muuzaji asiye na la kuficha hatakasirika. Usichukue mafuta yaliyoanikwa juani katika chombo kinachopenya mwanga, kwa sababu jua huyaozesha na kuua vitamini hiyo tuliyolipia. Penye karai, tazama. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu lisilotulia, au yanayofuka moshi kabla chakula hakijatiwa, yamechoka, na kuyaongezea mafuta mapya hakuyafufui. Wala usisambaze habari za transfoma kama huna ushahidi.

Kwa madaktari wenzangu, nina ombi la dakika moja tu. Mkipata watu kadhaa kutoka ploti moja au jikoni mmoja wenye ganzi ya miguu, uvimbe usioelezeka au misuli inayouma bila homa ya malaria, ulizeni walipikia nini na walikinunua wapi, na mwombe waliosalia na mafuta wayalete. Yawekeni kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa karatasi ya fedha, ndani ya friji, na muandike tarehe. Tabuenca hakuwa na mashine yoyote zaidi ya hiyo.

Ile nusu nyingine ya mafuta ya mama yule bado ninayo. Mwaka jana nilimpata mwanakemia mmoja aliyekubali kuyafanyia kipimo cha magadi kwa hisani. Mchanganyiko ulibaki angavu. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Alishukuru kwa upole, kisha akaniuliza kama karatasi ya majibu hayo inaweza kutumwa kwa matatu, kwa sababu anafikiria kurudi.

Wasomaji walio na maswali wanaweza kuniandikia kupitia kwa Mhariri. Tafadhali msinitumie mafuta.